Nimejiandikisha kutembea kilomita 21 za milima, mume wangu anasema ni aibu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma mjini, nina miaka 48 na watoto watatu. Wawili wanajitegemea, wa mwisho yuko kidato cha tano, anakaa bweni. Naishi Mwanga na mume wangu, mstaafu wa reli. Jambo linalonisumbua ukilisikia unaweza kucheka, maana wenzangu wote walicheka.

Mwezi wa tisa kutakuwa na mbio hapa mjini za kuchangia taulo za kike kwa wanafunzi. Kuna kilomita 5 na kuna nusu marathoni, yaani kilomita 21. Darasa langu la sita lina wasichana wanaopotea siku tatu nne kila mwezi, wakirudi hawasemi walikuwa wapi na mimi siulizi kwa sababu najua. Kwa hiyo fomu ilipoletwa ofisi ya walimu sikuichukulia kama mchezo. Walimu vijana wakajaza majina yao kwenye 21. Wao wana klabu ya joging, Jumamosi alfajiri unawasikia wanapita na nyimbo zao kuelekea Gungu. Karatasi ilipofika kwangu, nami nikaandika 21. Kijana mmoja akasema, "Mama, umeruka mstari, tano iko hapo juu." Nikamwambia sijaruka. Ofisi nzima ikaangua kicheko, hadi mwalimu mkuu alitoka kuuliza kuna nini.

Shangazi, mimi sikimbii. Nasema mapema ili usihangaike kunishauri nianze. Nikikimbia hatua mia moja goti la kulia linaanza kulalamika na pumzi inakata. Lakini kutembea natembea. Miaka miwili iliyopita nilikutwa na presha, daktari wa kliniki akaniambia pamoja na dawa nitembee. Nilianza shingo upande. Sasa jioni nashuka hadi stesheni na kupanda tena barabara ya Lumumba bila kusimama, na Jumapili naenda Ujiji kwa miguu kumwona mama mkubwa, narudi na daladala. Binti yangu alinipakulia programu ya kupima mwendo kwenye simu: kilomita moja ya tambarare natumia dakika 12, ya kupanda 15 au 16. Dawa nameza kila siku, amlodipini na ile ndogo ya kukojoa. Presha imetulia. Ila jioni miguu huvimba kidogo kwenye vifundo, na goti likizidi mwenzangu mmoja hunipa diklofenaki zake.

Njia ya mbio nimeiona. Zinaanzia chini karibu na stesheni, zinapanda Lumumba mpaka Mwanga, zinashika barabara ya Mwandiga kwa vilima vyake vyote, zinageuka na kurudi kulekule stesheni. Zinaanza saa 12 na nusu asubuhi, na kwenye fomu imeandikwa barabara inafunguliwa kwa magari saa 4 na nusu.

Sasa tatizo. Nilipomwambia mume wangu, alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu mzima, mtu mwenye heshima zake, unataka uwe wa mwisho nyuma ya gari la wagonjwa, wanafunzi wako wanakutazama? Hiyo ni aibu." Nikadhani ni hasira za siku moja. Mpaka leo nikigusia habari hiyo anaondoka kwenda kwenye bao. Hajanikataza. Amesema ukiamua umeamua, ila mimi sitakuwepo. Hiyo imeniuma kuliko angenikataza. Mtu huyu miaka ishirini na zaidi alikuwa kwenye genge la kukagua njia ya reli, anatembea kwa miguu huko Luiche na Kazuramimba, jua lake mvua yake. Leo mimi kutembea ndiyo aibu? Zamani hakuwa hivi. Amebadilika tangu tumzike kaka yake mwaka juzi, aliyeanguka ghafla shambani Kasulu, amekuwa mtu wa kuchukia chukia vitu. Hata jioni nikirudi kutoka matembezini namkuta amekaa kibarazani na simu mkononi, ananiona, anainuka anaingia ndani bila neno.

Kiongozi wa joging naye ameniita pembeni, kwa heshima, akaniomba nihamie kilomita 5 kwa sababu wanataka shule imalize pamoja wapige picha, na mimi nitawachelewesha. Anasema pia kutembea nusu marathoni si kushiriki, ni kuzurura. Kubadilisha kundi kunaruhusiwa hadi mwisho wa mwezi huu.

Na kuna wazazi na wenye maduka hapa Mwanga walionichangia. Walinipa kwa sababu nimesema nitaingia kilomita 21. Sikuwaambia nitatembea, na wao hawakuuliza. Usiku nalala nikijiona kama tapeli.

Nifanyeje, Shangazi? Nihamie 5 niwe na amani nyumbani na kazini? Niende tu nimalize, watasema watakalosema? Au niache kabisa, fedha niwasilishe kimya kimya?

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwalimu wangu. Sikucheka. Nilitabasamu pale uliposema hujaruka mstari, hilo nakiri.

Nikikusoma vizuri, umeniletea mambo manne ndani ya bahasha moja. Kuna mwili wako na kilomita 21. Kuna mume anayesema aibu. Kuna vijana wa ofisini wanaotaka picha yao. Na kuna fedha za watu. Wewe umeyafunga pamoja ukataka jibu moja, nenda au usiende, na ndiyo maana usingizi hauji. Mimi ningeyafungua, kwa sababu moja linaweza kujibiwa wiki hii kwa simu, na jingine halitajibiwa hata ukimaliza mbio hizo ukiwa wa kwanza.

La fedha ni dogo kuliko unavyolibeba. Wamechangia taulo za kike na wewe umekuwa sababu ya kutoa. Kama linakukera, wapitie madukani mmoja mmoja uwaambie, "Jamani, ile 21 nitaitembea." Nadhani utakayemwona akidai fedha yake itakuwa hadithi ya kusimulia. Ila ukishawaambia, mji mzima utajua, na kurudi nyuma kutakuwa kugumu zaidi. Kwa hiyo liache la mwisho, baada ya kujua unaingia kundi gani.

La vijana. Kwamba kutembea si kushiriki, hapo kiongozi wenu amepotoka kidogo. Kutembea kwa kasi ni mchezo wa Olimpiki. Kilomita 20 za wanaume ziliingia mwaka 1956. Paris mwaka 2024 Brian Pintado wa Ecuador alizitembea kwa saa 1, dakika 18 na sekunde 55. Mwulize kiongozi wako yeye akikimbia hutumia muda gani. Lakini suala lake la picha si la kudharau. Wao wamefanya mazoezi pamoja, wanataka kufika pamoja, ni haki yao. Je, ni lazima wakusubiri? Wanaweza kupiga picha yao wakifika, na wewe ukaingia kwa wakati wako. Nakuuliza hilo kwa sababu sijaona mahali ulipomwambia wasikusubiri. Huenda anadhani unataka wakusubiri na hajui pa kuanzia.

Watakuja pia wa kukufariji kwa habari za John Stephen Akhwari, aliyeumia goti Mexico mwaka 1968 akamaliza marathoni wa mwisho, dunia ikampigia makofi. Wasikilize kwa adabu, ila usiibebe hadithi hiyo kama mpango. Akhwari alikuwa mkimbiaji wa taifa aliyepatwa na ajali. Wewe unajua kabla hujaondoka nyumbani kwamba goti lako lina maneno. Si vizuri kuingia barabarani ukiwa umeshaamua kwamba kuteseka ndiko kutakakokupa heshima.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo naona hujaipiga, pengine kwa kuiogopa. Nusu marathoni kamili ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Kwa mwendo wako wa dakika 12, kama njia yote ingekuwa tambarare, ni saa nne na dakika 13. Muda mliopewa, kuanzia 12 na nusu hadi 4 na nusu, ni wa saa nne tu. Ili uwahi, unahitaji wastani wa dakika 11 na sekunde 20 hivi kwa kila kilomita, pamoja na Lumumba, pamoja na vilima vya Mwandiga, pamoja na kusimama kunywa maji na kujisaidia. Kwa mwendo wako wa leo, magari yanaporuhusiwa wewe bado uko barabarani, na pengine ni nusu saa hivi kabla hujaona stesheni.

Hiyo haimaanishi huwezi. Inamaanisha kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza: ikifika saa 4 na nusu, mshiriki aliye nyuma anafanywa nini? Mbio nyingine humpandisha kwenye gari, nyingine humwacha amalizie pembeni ya barabara, nyingine huwaruhusu watembeaji waanze mapema kabla ya wengine. Je, meza za maji zitakuwa bado zipo? Wahudumu wa afya je? Waandaaji wapo, namba yao iko kwenye fomu. Jibu lao linaweza kugeuza mambo yote. Wakikuruhusu uanze saa 12 kamili, hofu ya kuwa wa mwisho nyuma ya ambulensi inapungua sana, maana vijana watakukuta mbele wakupite.

Na mwendo unaweza kuongezeka. Una miezi miwili na ushee, na msingi unao tayari. Mtu anayepanda Lumumba bila kusimama hajaanza jana. Wengi wakitaka kwenda haraka hurefusha hatua, na hapo ndipo goti na ugoko vinapoumia. Wanaotembea kwa kasi hufupisha hatua na kuziongeza idadi, viwiko vimekunjwa, mikono inakwenda mbele na nyuma bila kuvuka kifua. Mara mbili kwa wiki chagua kipande cha dakika tano ukitembee kwa kasi ambayo bado unaweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, pumzika, rudia. Jumapili refusha safari ya Ujiji kidogo kidogo: kwenda na kurudi kwa miguu, baadaye na mzunguko wa ziada, mpaka ufike kilomita 16 au 17 kama wiki tatu kabla ya siku yenyewe, kisha punguza. Uzuri wa barabara ya Ujiji ni daladala. Ukiona leo mwili umekataa, unapunga mkono unapanda, hakuna aliyeshindwa.

Utaona nimeongea sana juu ya kupanda, na wewe pia barua yako imejaa kupanda. Mimi ninachokiogopa kwenye njia yenu ni kushuka. Mtarudi Mwanga miguu ikiwa imekwisha, halafu kilomita mbili hivi za mwisho ni mteremko wa Lumumba hadi stesheni. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki, inavutwa huku inakaza, na hiyo ndiyo kazi inayoichana zaidi. Maumivu yake huja kesho yake na keshokutwa, ngazi za darasani unazishuka kinyumenyume. Vidole navyo hugonga mbele ya kiatu mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Goti lako la kulia litasikia mteremko kabla ya mlima. Kwa hiyo katika matembezi yako ya jioni badilisha utaratibu: usianze kwa kushuka ukiwa mzima, zunguka kwanza Mwanga mpaka uchoke, ndipo ushuke. Goti litakujibu hapohapo, na jibu lake ni la kuaminika kuliko langu.

Viatu: kama unatafuta raba za mtumba, nenda jioni, saa ambayo miguu imeshavimba, na ubaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Ibonyeze soli, ikiwa ngumu kama ubao, hata iwe inang'aa namna gani iache. Kucha zikatwe siku chache kabla. Mapaja yapake mafuta ya mgando, tena mengi, utanishukuru baada ya kilomita ya kumi.

Presha ndiyo sehemu ambayo siwezi kukujibia, na sitaki ujijibie mwenyewe. Rudi kliniki na uwaambie kwa maneno haya: nataka kutembea kwa kasi zaidi ya saa nne, kwenye milima, na jua. Kumwambia daktari "nafanya mazoezi" hakutoshi. Waulize uvimbe wa vifundo, kwa sababu amlodipini yenyewe huweza kuuleta, lakini uvimbe una sababu nyingine pia na inafaa waitazame. Waulize ile ya kukojoa uimeze saa ngapi siku hiyo. Usiache kuimeza kwa uamuzi wako. Na waulize ni kipimo gani cha presha asubuhi ya mbio kitakachomaanisha unabaki nyumbani. Wakupe namba, uiandike.

Kuhusu maji, nitakuambia jambo linalowashangaza wengi. Sote tunafundishwa kuogopa kiu, na ni kweli jua la mwezi wa tisa si la kuchezea. Lakini mtu anayekwenda polepole, anayepita kila meza na kunywa kila anapopewa, anaweza kunywa maji mengi kiasi cha kuzimua chumvi ya damu, na hiyo ni hatari kweli. Baada ya marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya washiriki 488, asilimia 13 wakakutwa chumvi yao imeshuka kupita kawaida. Waliokaa barabarani zaidi ya saa nne walikuwa miongoni mwa waliopatwa zaidi. Dawa za kukojoa za aina fulani huongeza uwezekano huo. Kwa hiyo kunywa ukisikia kiu, si kwa sababu kikombe kimenyooshwa. Na asubuhi kula ulichozoea, chai na viazi vitamu au ndizi, chochote ambacho tumbo lako linakijua.

Diklofenaki za mwenzako mrudishie. Dawa za jamii hiyo huweza kupandisha presha na kulemea figo, hasa ukizichanganya na za kukojoa na ukatoka jasho saa nne mfululizo. Goti likihitaji dawa, aliyekupa dawa za presha ndiye akuambie ipi. Na ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, moyo unapiga bila mpangilio, au mkono unakufa ganzi, unakaa chini hapohapo na kuita msaada. Hilo halina mjadala hata ikiwa umebakiza mita mia.

Nimekuja kwa baba watoto mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndipo barua yako ilipo.

Umemsoma kama mtu anayeona aibu, na neno hilo amelitamka mwenyewe, siwezi kulifuta. Inawezekana ni hilo hasa. Mwanaume aliyestaafu, anayeshinda kwenye bao, anajua utani utakaomfikia huko kabla hujavuka mstari. Lakini hebu soma tena barua yako. Kaka yake alianguka ghafla shambani, na tangu hapo, umesema, amebadilika. Mkewe ana presha. Kila jioni mke huyo akitoka, yeye anakaa kibarazani na simu mkononi mpaka arudi, akishamwona mzima anaingia ndani. Hayo umeyaandika kwenye orodha ya chuki zake. Mimi nikiyasoma kutoka mbali, naona mtu anayesubiri simu asiyoitaka. Na alipotafuta picha ya kukukatisha tamaa, katika picha zote duniani alichagua ya gari la wagonjwa.

Naweza kuwa nimekosea. Wewe ndiye unayelala naye nyumba moja, mimi nimepata kurasa tatu. Nakuomba tu usilichukue neno "aibu" kama ndiyo taarifa kamili. Wanaume wengi wa rika lake wakikwambia wanaona aibu hawajapoteza kitu, lakini kukwambia naogopa utakufa, hilo hawakufundishwa kulisema.

Unaweza kumwuliza, ila si kwa kuanza na mbio. Ukianza na mbio ataondoka kwenda kwenye bao, umeshaona. Unaweza kuanza na kaka yake, siku ambayo hakuna haraka. Hatari yake ni kwamba unaweza kufungua kidonda ukakuta hakihusiani kabisa na habari yako, na utabidi ukae nacho jioni hiyo bila kukirudisha kwenye kilomita 21. Uko tayari kwa hilo?

Njia nyingine ni kumpeleka kliniki siku unayokwenda kuuliza. Asikie kwa masikio yake. Daktari akisema sawa, hofu inaweza kupungua. Akisema hapana, mtakuwa mmeisikia wote wawili, na hutarudi nyumbani na habari ya kumpa ushindi.

Na kuna hili la genge la reli. Umelitaja kwa hasira, kama ushahidi dhidi yake. Mtu aliyekagua njia kwa miguu miaka hiyo yote, akikanyaga mataruma na kokoto, anajua mambo ya miguu ambayo kiongozi wa joging hayajui: malengelenge, soksi, namna ya kugawa nguvu ili jioni ubaki na ya kurudia. Umewahi kumwuliza? Kuna tofauti kati ya kumwomba ruhusa na kumwomba ujuzi. La kwanza linamweka kuwa hakimu, na amekwisha kukwepa. La pili pengine litamkuta ana la kusema. Ila akishaingia anaweza kulishika lote, akakupangia saa ya kulala na rangi ya kamba za viatu, na wewe ulitaka kitu chako mwenyewe. Hilo nalo lipime.

Kwa hiyo njia tatu ulizoniandikia si tatu. Kuingia 5 kwa sababu daktari amesema, au kwa sababu kushuka Lumumba umekujaribu na goti likakataa, ni jambo moja. Kuingia 5 ili watu wanyamaze ni jingine, na nadhani utalisikia siku hiyo ukiwatazama wa 21 wakiondoka. Unaweza pia kuanza 21 ukiwa umeshapanga pa kukatia: mkirudi mnapita Mwanga, kabla ya mteremko, na nyumbani ni palepale. Utakuwa umetembea sehemu kubwa kuliko wengi mjini humo wamewahi kutembea. Medali hutaipata, na swali kama medali ina uzito huo kwako, hujaliandika na mimi sijui. Kuacha kabisa nako kupo, fedha zitafika zinakokwenda bila shida. Kama ungetaka hilo lakini, usingeniandikia barua ndefu namna hii.

Dirisha la kubadilisha kundi linafungwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo waandaaji na kliniki wiki hii, kabla hujasema lolote tena ofisini. Kwa baba watoto usijipe tarehe ya mwisho. Jioni moja ukirudi na kumkuta kibarazani, kabla hajainuka, kaa naye kwanza. Muulize tu amekaa hapo tangu saa ngapi.

Shangazi